Jipi Iliyopiga Magoti

Kindu

Neno lililoninyima usingizi lilikuwa valizi.

Fundi wa Lubumbashi alilitamka kwenye simu, sauti ikiwa imepandishwa ili nyumba nzima isikie. "Gari ya namna ile, bila valizi hatuanze hata kazi," alisema. "Muilete. Bila valizi mutatupa tu feza yenu." Kisha laini ikakatika, na hatukumpata tena.

Baba alielewa kwamba fundi anataka kuona vyuma vyote vya zamani, kwa hiyo nimpelekee valizi yetu ya bati, lile sanduku la safari ambamo huweka chochote kinachodondoka kwenye gari. Mimi, mwenye lisansi, shahada ya uchumi isiyonipa kazi, nilielewa kwamba fundi anataka pesa za kujaza valizi, ila anazungukazunguka kwa kuwa simu husikilizwa. Mama hakusema alielewa nini. Aliinuka akaenda kuteka maji, ingawa ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Nililala chali nikiligeuza neno lile. Kama ni pesa, ni kiasi gani? Kama si pesa, kwa nini alilirudia? Na ikiwa neno moja tu limetushinda, tutaelewana vipi kuhusu injini?

Jipi ya Baba mnaijua. Wengi wenu mmeisukuma. Baba aliinunua kwa mkubwa mmoja aliyehama, wakati biashara yake ya mawese bado inakwenda vizuri, na kwa muda mtaa mzima wa Mikelenge ulimwita Papa Jipi. Kisha ikaanza kula. Taa moja ya mbele ilipasuliwa na jiwe, na mpya iliyokuja kwa ndege ikameza pikipiki ya kaka yangu. Mafuta ya vidumu tunayouziwa kando ya barabara yaliziba vile vidude vinavyonyunyiza mafuta ndani ya injini, na vidude hivyo haviuzwi kimoja kimoja. Vioo vya umeme viliteremka siku ya jua kali vikakataa kupanda tena. Mwisho ikawa mifuko ya hewa. Jipi ile haina springi za chuma kama magari ya watu wengine. Imekalia mifuko minne ya mpira iliyojazwa upepo. Miwili ya mbele ikatoboka, na asubuhi moja tukaikuta uani imepiga magoti, kama mtu aliyesujudu akasahau kuinuka.

Mama hukataa kutamka jipi. Husema jipu. "Jipu lenu limetoa usaha gani leo?" humwuliza Baba.

Pesa za matengenezo zilikuwa zitoke kwenye kiwanja cha Alunguli, ng'ambo ya mto. Mama alipewa na marehemu kaka yake, na hapo ndipo alipotaka kujenga ili tuache kupanga nyumba za watu. Baba alipata mnunuzi, Bwana Amuri, mwuza saruji. Alitoa nusu mkononi na kukubali kumalizia nikisharudi. Tukibadili nia kabla ya hapo, tumrudishie chake. Nusu hiyo nilishonewa ndani ya suruali.

Ili mjue kwa nini Mama alikwenda kuteka maji, sina budi kutaja vita, na nitavitaja mara hii tu. Nilikuwa mtoto wa mgongoni, kwa hiyo ninayoyajua nimeyaokota vipande vipande. Wakati ule Baba alikuwa na jipi nyingine, ya zamani, chuma kitupu. Wenye magari mjini walikuwa na ujanja wao: ukisikia wenye bunduki wanakaribia, haijalishi wa upande gani, unang'oa deliko, kile kichwa kinachogawa moto kwenye plagi, unakimbia nacho. Bila deliko gari ni sanduku tu. Baba alifungua valizi hii hii ya bati, ambayo Mama alikuwa ameshaipanga. Akatia deliko, akatia na kabureta na stata. Valizi ikajaa. Blanketi likatolewa, likabaki kitandani. Wakavuka mto na kuingia msitu wa upande wa Kailo, mvua ikinyesha. Dada yangu Mariamu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha maneno, alishikwa na homa ya kifua. Hakutoka msituni.

Waliporudi, jipi haikuwepo. Ilikuwa imevutwa kwa kamba. Baba akabaki na deliko isiyo na gari, akaiacha ndani ya valizi chini ya kitanda chake, na nadhani tangu siku hiyo alikuwa anatafuta gari la kuitosha.

Siku ya safari aliniagiza jambo moja: "Muntu asikalie viti. Ngozi ile ikiharibika, haipone." Mama aliifunga valizi kwa kamba yeye mwenyewe. "Ukisikia baridi, fungua," alisema. Nilidhani ananitania kuhusu vyuma.

Kindu hadi Kibombo

Jipi ilipakiwa kwenye behewa tambarare, ikafungwa minyororo, ikawekewa magogo chini ya matairi. Mimi nilikaa ndani kama mlinzi, maana gari lisilo na mtu hufika bila vioo wala taa. Basi nilisafiri katika gari la kifahari kutoka Maniema hadi Katanga, wala gurudumu lake moja halikuzunguka. Nilitandika gunia juu ya kiti cha dereva ili nisiiguse ngozi. Kwa kuwa pua ya gari ilikuwa imeinama, nilikaa nimeteleza mbele, magoti kwenye usukani, na kila treni ilipotikisika nilikanyaga breki bila kufikiri.

Kibombo watu walilizunguka behewa kabla treni haijasimama. Bwana mmoja mwenye tai aliniamkia kwa mikono miwili.

"Mukubwa, karibu sana. Tulikuwa tunakungojea."

"Miye si mukubwa, Papa."

"Bakubwa bote banasema vile." Akageuka. "Mama, lete chakula ya mugeni!"

Wali wa Kibombo ukaja, mweupe, wa moto, na kuku mzima wa mawese juu yake. Nilikuwa na njaa. Nilijiambia kwamba kukataa ni kuwatukana, na nilipokuwa bado nalipima jambo hilo nikakuta paja limekwisha. Ndipo bwana yule akaanza hotuba: daraja limebomoka, shule haina paa, na sasa mjumbe ameyaona kwa macho yake mwenyewe. Nikaelewa kwamba walikuwa wanangoja mjumbe kweli, kutoka mjini.

"Papa, nasafirisha tu gari ya baba yangu. Imekufa."

Alinitazama. Akaitazama sahani.

"Na kuku yetu?"

"Nimekwisha kuila."

Kicheko kilichopasuka kilitoka kwa mama mmoja mnene aliyekalia magunia ya mchele, mtoto wa kike mgongoni. "Mumuache!" alipaza sauti. "Muntu anayekaa ndani ya gari imekufa, juu ya treni, huyu atawajengea daraja gani?"

Watu wakacheka, bwana wa tai akacheka mwisho, kwa uchungu. Nilimpa pesa kidogo ya kuku, akaipokea bila kunitazama. Safari nzima sikuacha kuiwaza ile shule. Walikuwa wamempikia mtu waliyemngoja kwa muda mrefu, nikala mimi.

Mama yule wa magunia aliitwa Mama Mwamini. Alikuwa anapeleka mchele Kongolo pamoja na mjukuu wake, Sifa. Walipewa nafasi kwenye behewa langu, chini ya turubai, karibu na tairi la nyuma.

Porini

Mbele ya Kibombo injini ya treni ilikufa nayo. Dereva alisema kifaa kitaletwa kutoka Kongolo. Hakusema lini, na hakuna aliyemwuliza mara ya pili isipokuwa mimi.

Wanawake wa vijiji vya karibu walikuja na sombe ya majani ya muhogo, mahindi ya kuchoma, samaki wa moshi. Kila siku bei ilipanda kidogo, kwa kuwa waliona hatuendi popote. Mama Mwamini alipika wali wake kwenye mafiga matatu kando ya reli na kunipakulia bila kuniuliza.

"Baba Jipi, gari yako inakunywa nini?"

"Mafuta, Mama. Tena ile safi."

"Na weye, unakunywa nini?"

"Maji ya mutoni, kama ninyi."

"Basi iko tajiri kukupita." Akala matonge mawili. "Na iko inauma wapi?"

Nikamweleza: mifuko ya hewa, pampu ya kuijaza, vioo, vile vidude vya kunyunyiza. Alitaka kujua bei ya mfuko mmoja. Nilipomtajia, aliacha kutafuna.

"Ya upepo?"

"Ya upepo."

"Mwanangu, mbona upepo iko hapa bure."

Alitaka nicheke. Sikuweza. Nilikuwa tayari kichwani nikigawa kiwanja cha Alunguli: pembe hii mfuko wa kushoto, pembe ile mfuko wa kulia, mahali pa jiko la Mama pampu.

Halafu Sifa akashikwa na homa. Asubuhi alikataa wali, mchana akawa amelegea mgongoni mwa bibi yake, na alasiri mvua ikaja, ile ya kulala upande inayoingia chini ya turubai kana kwamba turubai halipo. Mama Mwamini alikuja mlangoni, maji yakimchuruzika usoni. Hakuwa anatania tena.

"Fungua. Mutoto aingie."

Nilimsikia vizuri. Na nilimsikia Baba pia: muntu asikalie viti. Ningependa kuwaambia kwamba nilifungua papo hapo. Niliangalia kiti cha nyuma, ngozi yake ya rangi ya maziwa, nikawaza kutapika, mkojo, matope, nikawaza bei. Mama Mwamini hakurudia. Alisimama tu, akimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine, mpaka nikaona kwamba ninachopima ni ngozi upande mmoja na mtoto upande wa pili, na kwamba katika nyumba yetu kipimo hicho kilishawahi kufanywa.

Nikafungua. Tukamlaza nyuma, mbali na vioo visivyopanda. Alikuwa anatetemeka hadi meno yanagongana.

"Huna kintu kikavu?" Mama Mwamini aliuliza. "Hata gunia?"

Gunia langu lilikuwa limelowa. Nikaikata kamba ya valizi ili nimwage vyuma na kutumia gazeti lililovifunga. Hakukuwa na chuma hata kimoja. Juu palikuwa na blanketi jipya, bado lina mikunjo na harufu ya duka. Chini yake, mchele na karanga, ndivyo vilivyoipa valizi uzito. Mama alikuwa ametoa kila kitu. Deliko pia.

Nililishika blanketi mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa, hadi Mama Mwamini aliponinyang'anya.

Kongolo

Kifaa kikaja, treni ikaondoka, tukavuka daraja la Kongolo huku Sifa amelala, jasho limeanza kumtoka. Stesheni ilikuwa na zahanati karibu. Mama Mwamini alimbeba, akaniachia magunia yake niyatazame, akarudi jioni kuyachukua. Mtoto amechomwa sindano, alisema, amekunywa uji. Alikuwa amelikunja blanketi.

"Chukua. Mama yako ataliuliza."

"Libaki na mutoto. Nitamwambia."

Alilitazama blanketi, kisha akaitazama ile jipi iliyoinama. "Baba yako iko mugonjwa ya gari," alisema, kwa upole, kama mtu anayetaja ugonjwa unaojulikana. "Iko bengi. Vita njo iliwaacha vile."

Kiti cha nyuma kilibaki na doa. Nilikisugua hadi Kabalo. Halikutoka.

Lubumbashi

Baada ya Kabalo sina mengi ya kuwasimulia. Treni ilikwenda, ikasimama, ikakwenda. Bukari, ugali wa huko, ikachukua nafasi ya wali. Baridi ikaanza, nami sikuwa na blanketi. Lubumbashi tuliishusha jipi kwa mbao na kuivuta kwa lori hadi gereji ya Fundi Ilunga, mtu mwenye miwani ya jua na simu mbili.

"Karibu, Kindu! Tunaanza kazi."

Nikamwekea mbele ya miguu valizi ya bati. "Uliomba valizi," nikamwambia. "Hii hapa. Lakini haina kitu."

Aliitazama. Wafanyakazi wake wakaitazama. Kisha gereji nzima ikaangua kicheko, mmoja akaketi chini kabisa.

"Valizi njo hii!" Fundi Ilunga aliinua kisanduku cheusi cha plastiki chenye kioo kama cha simu na waya mrefu. "Mashini ya kuuliza gari iko inauma wapi. Weye mutu wa masomo, haujue valizi?"

Nilicheka nao kwa sababu kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi. Usingizi wangu wote, maji yote aliyoyateka Mama, kumbe kwa kisanduku cha waya.

Aliuchomeka waya chini ya usukani. Kioo kikajaa mistari, kikateremka, kikajaa tena. Fundi aliacha utani.

"Tuanze na mifuko," alisema. "Halafu pampu. Halafu boksi ya gia, inaomba kufunguliwa. Halafu tutaona."

"Tutaona nini?"

"Vile bingine."

"Na vile bingine vikiisha?"

Alivua miwani. "Kijana, gari ya namna hii haiishe. Ni kama kuoa bibi ya pili. Haumutengeneze mara moja ukamaliza."

Alitaja bei ya kuanzia. Nusu niliyokuwa nayo isingetosha. Ingebidi Bwana Amuri atume na nusu ya pili. Nilimpigia Baba.

"Fanya," alisema.

"Baba, ni kiwanja kizima. Na hata hivyo haijulikani kama itatembea."

"Nimesema uza kiwanja. Miye nilikubali."

"Na Mama anasema nini?"

Nilisikia redio yake nyuma, ile aliyozoea kuisikilizia kwenye kiti cha jipi kila jioni. Sasa sijui alikuwa ameketi wapi.

"Mama yako hakusema kintu."

"Tangu lini hajasema kitu, Baba?"

Laini haikukatika. Ni yeye aliyeikata.

Nililala kwenye gereji, nikiwaza kila njia. Kutengeneza mifuko tu na kuacha mengine. Kukopa. Kumwachia fundi gari na kungoja nipate kazi ambayo sijaipata. Kila njia ilirudi mahali pamoja, kwenye valizi inayofunguliwa na kitu kimoja kutolewa ili kingine kiingie. Asubuhi nilimwambia Fundi Ilunga ainunue jipi kama vipuri.

Alitoa bei ndogo, nikaipandisha kidogo, tukapeana mikono. Wafanyakazi walianza siku hiyo hiyo. Cha kwanza kung'olewa kilikuwa kisanduku cha bati, si kikubwa kuliko Kurani ya Baba, kilichofichwa nyuma ya dashibodi.

"Kompyuta ya injini," Fundi alisema akikipima mkononi. "Bila hii gari ni sanduku. Hii naweza kukuachia, umupelekee muzee kama ukumbusho. Valizi yako iko na nafasi."

Valizi ilikuwa wazi miguuni mwangu, tupu. Ningeweza kukitia. Kingeenea vizuri kabisa.

"Hapana," nikamwambia. "Uza nayo."

Kurudi

Niliporudi nilikaa behewa la abiria, nimebanwa kati ya watu, na hakuna aliyeniita mkubwa. Kibombo nilimwona Sifa kando ya reli, amejifunga blanketi mabegani juani kama kitenge cha mtu mzima, anakula muwa. Sikumwita. Yeye hakunijua.

Baba alikuwa stesheni ya Kindu amevaa kanzu yake nyeupe. Aliyatazama mabehewa ya nyuma, moja baada ya jingine, hadi la mwisho.

"Iko nyuma?"

"Haiko, Baba. Nimeiuza."

Alinyoosha mkono akachukua valizi. Akaipima, akaona ilivyo nyepesi, akanirudishia. Tulitembea hadi nyumbani, yeye mbele, mimi na valizi nyuma. Hajanipiga wala kunifukuza. Ananijibu salamu tu, na jioni huketi uani, mahali ilipokuwa jipi, na redio yake. Watu bado humwita Papa Jipi, kwa mazoea, na kila wanapomwita mimi ndiye ninayeinamisha kichwa. Deliko imerudi chini ya kitanda chake. Sijui ni nani aliyeirudisha.

Siku ya pili ya kurudi kwangu alisema, akiutazama ukuta, nisimrudishie Bwana Amuri pesa. Tungoje, huenda ikapatikana jipi nyingine ya bei nafuu. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikavaa ile suruali.

Alunguli

Mama alikuja nami bila kuitwa. Tulivuka kwa mtumbwi, yeye amekaa mbele, mgongo kwangu. Hakuniuliza chochote hadi katikati ya mto.

"Blanketi iko wapi?"

Nikamweleza habari za Sifa, na mvua, na kiti. Sikumficha kwamba nilichelewa kufungua.

"Lakini ulifungua."

"Nilifungua."

"Na mutoto?"

"Alipona. Nimemwona."

Hakugeuka. Mabega yake yalipanda, yakashuka, na alibaki akitazama ng'ambo hadi tulipogusa mchanga.

Bwana Amuri alikuwa dukani, mweupe kwa vumbi la saruji. Nilichana mshono mbele yake na kumkabidhi zote. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

"Gari haikupona?" aliuliza.

"Ilikufa, Bwana Amuri."

"Poleni sana," alisema, akaweka mkono kifuani, kama anayeingia kwenye matanga.

"Aksanti," nikajibu, vilevile.

Nilipotoka, Mama alikuwa ameshafika kiwanjani. Majani yalimfika kiunoni. Alikuwa amevua viatu na anapima ardhi kwa nyayo, kisigino kwenye vidole, midomo ikitikisika. Alifika mahali akasimama, akakanyaga mara mbili.

"Mlango, hapa," alisema.

Nikavunja kijiti, nikakichonga kwa meno kwa kuwa sikuwa na kisu, nikakipigilia kwa jiwe pale alipokanyaga.